Kazi Ikitoka kwa Akili Unde, Lawama Inamwendea Nani?

Picha ilikuja mezani kama picha nyingine yoyote ya kitabu cha watoto. Hadithi ilimhusu bibi mzee wa Kigiriama, karibu na Malindi katika kaunti ya Kilifi, anayewafundisha wajukuu zake kusuka makuti. Kwenye picha, bibi huyo alikuwa amejitanda shuka nyekundu ya mirabaraba, na shingoni ana ushanga mpana wa mduara, kama mama wa Kimaasai siku ya harusi. Hando, vazi la kiunoni la wanawake wa Kigiriama, halikuwepo. Nyuma yake palikuwa na minazi, na nyuma ya minazi mlima wenye theluji. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole sita, na kuti alilolishika lilianza kama kuti likaishia kama kamba ya plastiki. Rangi zilipendeza mno. Asiyejua angeisifu.

Nilipouliza, mchoraji alisema hiyo ni kazi ya programu, yeye aliandika maelekezo tu. Aliyemwagiza akasema yeye si mtu wa Pwani, alimtegemea mchoraji. Ofisi iliyolipa ikasema kazi imepita mikononi mwa watu kadhaa na hakuna aliyelalamika. Na ukisoma masharti ya matumizi ya programu zenyewe, mengi yanasema wazi kwamba mtumiaji ndiye anayebeba dhamana ya anachokitoa. Kila mtu aliruka kimanga, na lawama ikatua kwa asiyekuwepo mezani, yaani mashine.

Mimi nahariri vitabu vya watoto hapa Nairobi, na jambo hili linanikereketa. Wachoraji, watunzi wa nyimbo, waandishi wa matangazo ya redio, watengenezaji filamu wa River Road, vijana wanaobuni michoro ya matatu, wote sasa wanatembea na akili unde ndani ya simu. Naona watu waadilifu wakikwama upande mmoja au mwingine. Wapo wanaodhani mashine imewatua mzigo, na wapo wanaodhani kuigusa tu ni dhambi. Wote wawili wanaliacha fundo pale pale lilipo.

Mwenye mali na mwenye kujibu

Mkanganyiko unaanza pale maswali matatu yanapofungwa kitita kimoja. Nani anaimiliki kazi hii? Nani ameiunda? Nani wa kujibu ikimuumiza mtu? Mara nyingi jibu la moja hutumiwa kuwanyamazisha wanaouliza mengine.

Tuanze na umiliki, kwa sababu hapo sheria imesema kitu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina maneno ambayo wasanii wengi hawajawahi kuyasikia. Inapoeleza mtunzi ni nani, inasema kwamba kwa kazi iliyozalishwa na kompyuta, iwe ya fasihi, ya muziki au ya sanaa, mtunzi ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo iwepo. Maneno hayo yanafanana sana na yaliyomo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, zama ambazo hakuna aliyewazia programu unayoiambia ichore nayo ikachora.

Marekani wameshika njia nyingine. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ilimkatalia Stephen Thaler, aliyetaka mfumo wake wa kompyuta utambuliwe kuwa mtunzi wa picha. Mahakama ikasema mtunzi sharti awe binadamu. Kabla ya hapo, Februari 2023, ofisi ya hakimiliki ya huko ilikuwa imeamua kuhusu kitabu kimoja cha katuni kwamba maneno na mpangilio ni vya mwandishi, lakini picha zilizotolewa na programu ya Midjourney hazilindwi.

Ukizitazama njia hizo mbili, kuna jambo zinakubaliana: mashine si mtu wa kushikiwa. Kenya inamtafuta binadamu aliye nyuma yake na kumpa kazi. Marekani nayo inamtafuta, na isipomwona vya kutosha inaiacha kazi bila mwenyewe. Hakuna mahali mashine inapopewa haki, wala inapopewa deni. Kwa hiyo kauli ya "ni mashine" haina pa kusimama hata mbele ya sheria tulizonazo.

Nami nasema hivi: anayejitokeza kudai hakimiliki kwa hoja kwamba mipango aliifanya yeye, amekwisha kusema yeye ndiye wa kuulizwa. Haiwezekani mipango iwe yake siku ya hundi, halafu iwe ya programu siku ya malalamiko. Na anayepokea sifa za mkono wake ilhali mkono haukufanya kazi, huyo amejivika kilemba cha ukoka mwenyewe.

Lakini sheria haimalizi kila kitu. Ni nani hasa aliyefanya mipango? Mteja aliyetoa wazo, mchoraji aliyeandika maelekezo, au kampuni iliyolipia programu? Kifungu hakiwataji, kwa hiyo ni mkataba unaopaswa kuwataja. Isitoshe, mtoto wa Kigiriama anayekifungua kitabu kile darasani haumizwi na swali la umiliki. Anaumizwa na kuona kwamba katika kitabu kinachodai kumsimulia nyanya yake, nyanya yake hayumo.

Kujua na kuweza

Tangu enzi za Aristotle, wanaofikiria maadili wameuliza mambo mawili kabla ya kumlaumu mtu. Je, alijua alichokuwa akifanya? Na je, aliweza kufanya vingine? Aliyelazimishwa hatumlaumu kama aliyependa, na aliyepotoshwa hatumlaumu kama aliyejua.

Mwaka 2004 mwanafalsafa Andreas Matthias aliandika kwamba mashine zinazojifunza zenyewe zinautikisa msingi huo. Aliyeitengeneza hawezi kutabiri kila itakachofanya, na anayeitumia hawezi kuiongoza kila hatua. Basi likitokea baya, unaweza kuwapitia wote mmoja mmoja usimpate anayestahili lawama. Akaliita pengo la uwajibikaji, na tangu hapo limejadiliwa sana.

Hoja yake ina uzito kwa mashine inayotenda papo kwa papo, kwa mfano gari linalojiendesha linapoamua kukata kona. Sasa tazama kazi ya sanaa inavyokwenda. Programu inatoa picha nne. Mtu anazitazama. Anachagua moja na kuziacha tatu. Anaikata pembeni, anaongeza maandishi, anamtumia mteja kwa WhatsApp. Mteja anajibu kwa sauti kwamba anaipenda, ila anga liwe la buluu zaidi. Inarudi, inatumwa tena, inapelekwa kwa mpiga chapa Industrial Area, na huko nako kuna mtu anayeitazama kwenye skrini kabla ya karatasi kuanza kupita. Kati ya mashine kutoa na umma kupokea kuna saa nyingi, pengine siku kadhaa, na pengo analolisema Matthias hapa limejaa watu. Yeyote kati yao angeweza kusema: ngoja kwanza.

Kwa hiyo kuweza kulikuwepo. Kunabaki kujua, na hapa ndipo watu wengi wanapojitetea. "Sikujua hando ni nini." Naamini kabisa mchoraji yule hakujua. Lakini alijua chombo chake. Picha za Kenya zilizojaa mtandaoni zimepigwa zaidi kwa macho ya utalii: shuka nyekundu, simba, mlima, machweo. Modeli, yaani mfumo wa kompyuta ulio ndani ya programu hizi, inajifunza kutokana na kilichopo kwa wingi, na ukiiomba mwanamke wa kijijini wa Kenya, itakurudishia kile ilichokiona mara nyingi. Yeyote aliyeitumia kwa muda ameona ikiwavalisha watu wa makabila yote nguo za kabila moja. Anayeijua tabia hiyo ya chombo chake hawezi kujitia hamnazo. Kutojua kwake hando kunasameheka; kutouliza, ilhali anajua mashine hukosea hasa hapo, ni uamuzi wake. Simu moja kwa mtu wa Kilifi ingetosha.

Nikae kidogo kwenye jambo hili, maana nadhani halisemwi vya kutosha. Vidole sita si tatizo kubwa. Kila mtu anaviona, na programu zinaendelea kuvirekebisha. Picha za leo zina makosa machache ya namna hiyo kuliko za miaka michache iliyopita. Lakini kadiri makosa yanayoonekana na kila mtu yanavyopungua, ndivyo yanavyobaki yale yanayoonekana na wachache tu: namna hando linavyofungwa, ushanga wa msichana asiyeolewa na ushanga wa mke wa mtu, jinsi mzee wa Kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, anavyoshika bakora yake. Picha inakuwa safi, mhariri wa Nairobi anaridhika, na kosa linasafiri hadi kijijini bila kizuizi. Mashine ikizidi kuwa hodari, basi, macho ya mtu yanatakiwa kuwa makali zaidi. Nimesikia watu wakisema kinyume chake, kwamba siku itafika hatutahitaji kuhakiki. Siwaungi mkono hata kidogo.

Na hapa sheria ipo pia. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua kwamba jamii zina haki juu ya miundo, nyimbo, ngoma na mapambo yao, na kwamba anayetaka kuvitumia nje ya desturi anapaswa kupata idhini ya wenyewe. Programu inayotapika ushanga wa Kimaasai kwa kila anayeandika maelekezo haijamuomba mtu idhini. Wewe unayeuchapisha una anwani, na wenyewe wanaweza kuja kuipigia hodi.

Waliotangulia kwenye mnyororo

Tunapozungumzia uwajibikaji wa watu wengi kwa pamoja, matatu inatufaa kuliko mifano ya vitabuni. Ikigonga mtu barabara ya Jogoo, dereva ana lake la kujibu kwa mwendo, mwenye gari ana lake kama alijua breki zimekwisha, na sacco, yaani chama cha wenye matatu, ina lake kama iliachia gari bovu barabarani. Kosa la mmoja halimfuti mwenzake, na wala haligawanywi kama keki kwamba wakiwa watatu kila mmoja abaki na theluthi. Kila mtu anaulizwa yale maswali mawili pale alipokuwa amesimama.

Nyuma kabisa ya picha na maandishi ya akili unde wapo waliokusanya. Mkusanyo wa LAION-5B uliotolewa mwaka 2022 ulikuwa na jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo yake, zilizozolewa mtandaoni bila mchoraji yeyote kuombwa ruhusa, na sehemu zake zilitumika kufunza modeli maarufu za picha. Upande wa vitabu, mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya waandishi nchini Marekani. Jaji alikuwa ameamua kwamba kufunza modeli kwa vitabu ni matumizi halali, ila kujiwekea maktaba ya nakala zilizopakuliwa kutoka tovuti za wizi si halali. Malipo yalikadiriwa kuwa dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu vipatavyo 500,000.

Sharti mojawapo la kuingia kwenye malipo hayo lilikuwa kitabu kiwe kimeandikishwa kwa wakati katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani. Mwandishi aliyechapishwa Nairobi, akajiandikisha na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya peke yake, hana lake humo hata kama kitabu chake kilikuwa ndani ya rundo. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, na mkulima wa huku hakuhesabiwa hata siku ya fidia.

Halafu wapo walio karibu nasi zaidi. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi hapa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, walivyolipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi ya ubakaji, mauaji, mateso na udhalilishaji wa watoto, ili modeli za kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, zijifunze kuyatambua na kuyakwepa. Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hii, wakiwemo wanaochuja maudhui ya mitandao ya kijamii, walikutana jijini na kupiga kura ya kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema kampuni ya Meta, yenye Facebook, inaweza kushtakiwa hapa Kenya katika kesi za wachujaji hao.

Fikiria maana yake kwa mtu kama mimi. Mwandishi wa hadithi za watoto anaiomba modeli imsaidie na kisa cha sungura, na modeli inamjibu kwa lugha safi, isiyo na tusi wala damu. Usafi huo ulifanyiwa kazi. Kuna mtu, pengine anashuka stendi moja na huyo mwandishi jioni, aliyesoma uchafu wote ule ukurasa baada ya ukurasa ili mwingine asikutane nao. Jina lake haliko kwenye kitabu, wala haliko mahali popote.

Je, mwandishi ana lawama kwa mishahara ile? Sidhani. Hakusaini mkataba ule, hakuujua, hakuwa na uwezo wa kuuzuia. Wanaosema kila anayetumia akili unde ana damu mikononi wanafanya lawama iwe nyingi hadi ikose maana, na wakubwa waliosaini wanapata kujificha ndani ya umati. Ila kukosa lawama kwa yaliyopita hakumwondolei mtu wajibu kwa yajayo. Sasa tunajua. Anayejua anaweza kuacha kuieleza kazi yake kama kitu kilichotoka bure hewani. Anaweza kuuliza kampuni anayoilipa inawalipaje watu wake. Anaweza kukataa kuitumia bei ya mashine kumvunjia bei mchoraji mwenzake. Hayo yako ndani ya uwezo wake, na ndiyo anayoulizwa.

Jina ni ahadi

Kuhusu kuandikia jina la mwingine, Nairobi ina uzoefu ambao miji mingi haina. Kwa miaka mingi vijana wengi wenye shahada zao wameishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo. Walikesha, wakajifunza historia ya nchi wasizozijua, wakapata kodi ya nyumba. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wateja walianza kupungua, maana mashine iliandika kwa bei ya chini zaidi. Kabla ya hapo, kazi ile ile ilikuwa ikifanywa na binadamu, na udanganyifu ulikuwa ule ule.

Hilo linatufunza wapi pa kuangalia. Ubaya wa insha zile haukukaa kwenye chombo. Ulikaa kwenye ahadi: mwalimu aliahidiwa kwamba maneno yale ni fikra za mwanafunzi wake. Rais anaposoma hotuba iliyoandikwa na wasaidizi, hakuna anayedanganywa, kwa sababu hakuna aliyeahidiwa vingine. Kwa hiyo, mtu akiniuliza kama ni lazima aseme ametumia akili unde, namwuliza kwanza: jina lako pale chini linaahidi nini?

Bango la viatu vya bei ya jumla haliahidi mkono wa mtu, na sioni kwa nini mwenye duka alijaze maelezo. Maandishi ya kifasihi yanaahidi zaidi. Na kuna kazi ambazo ahadi ndiyo karibu kila kitu. Chukua shairi la rambirambi. Mfiwa anamwendea malenga, anamsimulia baba yake: alivyokuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kutoka Kawangware, alivyowakatalia watoto wasimwite mzee, wimbo aliopenda kuupiga mluzi akinyoa ndevu. Malenga anarudi na beti nane, vina vimekaa, na familia inalia. Tuseme aliyatia masimulizi yale kwenye programu na kunakili kilichotoka. Nani ameumia? Ukipima kwa matokeo tu, hakuna.

Mimi siyapimi kwa matokeo tu. Mfiwa alinunua kitu ambacho beti zenyewe hazionyeshi: kwamba mtu mwingine, mwenye kufiwa na kufa kama yeye, alikaa na baba yake kwa muda akimfikiria. Hicho hakukipata, na hajui kwamba hakukipata. Malenga akitumia programu kutafutia neno la kukamilisha kina lililomkwama, sina ugomvi naye. Mshororo ukitoka na mizani kumi na saba pale panapotakiwa kumi na sita, masikio ya wafiwa hayatahesabu. Ya malenga yanapaswa. Lakini akiiachia kazi yote, amechukua fedha ya kukaa matangani bila kukaa.

Sura, sauti na mkono wa dola

Kwa sura na sauti za watu naweza kupita haraka, maana uwanja huu una mipaka iliyo wazi kuliko mingine. Katiba ya 2010 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inauweka utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole katika data za mwili wa mtu. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alilitoza baa moja la Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kamera zilizotumika zilikuwa za kawaida tu. Anayeiga sauti ya mtangazaji kwa mashine ili isome tangazo ambalo mwenyewe hakulisoma asidhani yuko kwenye ardhi isiyo na mwenyewe.

Jambo linalonisumbua zaidi ni jingine. Neno uwajibikaji linapendwa sana na wenye nguvu. Juni 2024, vijana walipokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha, ilitokea Finance Bill GPT, programu ya kuuliza maswali kuhusu mswada na kujibiwa kwa lugha nyepesi. Ilikuwa kazi ya ubunifu kwa maana kamili. Baadaye mwaka huo picha za kejeli kuhusu viongozi zilienea, nyingine zimetengenezwa kwa akili unde, nyingine kwa mkono. Desemba, mchoraji wa katuni Kibet Bull, anayejulikana kwa michoro yake ya vivuli ya kumkejeli Rais, alitekwa, akaachiliwa Januari 2025. Mtu anayezungumzia uwajibikaji wa wasanii Nairobi bila kulitaja hilo anawapa wengine fimbo.

Ibara ya 33 ya Katiba inautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina, kisha inamtaka kila mtu aheshimu haki na sifa za wengine. Vyote viwili viko pamoja, na kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: je, kazi hii inahitaji mtazamaji adanganyike ndipo ifanye kazi? Kejeli inayomchora kiongozi akiwa jitu linalokula barabara haimdanganyi mtu. Nguvu yake iko katika kujulikana kuwa ni kejeli. Picha inayoonyesha tukio ambalo halikutokea, kwa mwanga na vumbi la picha ya habari, inategemea udanganyifu, hata kama anayedhalilishwa ni mtu tusiyempenda. Aliyeitengeneza hawezi kusema alikuwa akicheza. Ya kwanza ni haki ya msanii na dola haina haki ya kumnyooshea kidole; ya pili, msanii anapaswa kuulizwa na sisi wenzake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kutaja majina

Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwahi kuwa na mwanafalsafa, Henry Odera Oruka, aliyefariki mwaka 1995. Tangu miaka ya sabini yeye na wenzake walikwenda kwa wazee wenye hekima vijijini, wakawahoji na kuandika fikra za kila mmoja chini ya jina lake. Mmoja alikuwa Paul Mbuya Akoko. Hilo la jina halikuwa adabu tu. Vitabu vingi vya wageni vilikuwa vimezoea kuandika "Waafrika wanaamini hivi", kana kwamba watu wa bara zima wana kichwa kimoja. Odera Oruka alitaka ionekane kwamba mzee fulani alifikiri jambo fulani, alilitetea, na mzee mwingine akampinga.

Modeli za leo zinaturudisha kule alikotutoa. Iombe methali ya Kiafrika, nayo itakupa msemo laini usio na lugha, usio na kabila, usio na msemaji, na mara nyingine msemo ambao hakuna aliyewahi kuusema. Iombe ushauri wa mzee wa Kikamba, utapata mzee wa jumla. Jina likipotea, anayepotea pamoja nalo ni mtu wa kurudi kwake kumuuliza: ulikuwa na maana gani, na kwa nini?

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikisisitiza kwamba kitabu cha watoto kilichotumia akili unde kiwe na ukurasa wa mwisho unaotaja watu: nani aliandika maelekezo, programu gani ilitumika, nani wa jamii husika alizitazama picha na kuzisahihisha. Baadhi ya wachapishaji wanahofia ukurasa huo utawafukuza wazazi. Mimi nahofia zaidi kitabu ambacho mzazi wa Kilifi hana wa kumpigia simu.

Ukurasa huo hauna maana pasipo fedha. Hapa ndipo mazungumzo mengi ya maadili yanapoponyoka. Mteja anasema mashine imechora kwa dakika moja, kwa hiyo alipe ya dakika moja. Lakini anachohitaji kukinunua sasa ni macho, simu za kuuliza, picha kurudiwa, na siku nzima ya mama mmoja mjuzi wa mavazi aliyeketishwa na mchoraji. Bajeti isipokuwa na mstari wa kazi hiyo, uhakiki hautafanyika, na kumlaumu mchoraji baadaye ni kumwonea.

Mikataba inayopita kwangu siku hizi inaomba mambo matatu yaandikwe kwa lugha ya kawaida. Nani anahesabiwa kuwa amefanya mipango ya kazi, kwa maana ya sheria ya 2001. Nani anahakiki mambo ya utamaduni na analipwa kiasi gani kwa hilo. Na malalamiko yakija, nani atayajibu kwa jina lake, na kwa fedha ya nani nakala zitarekebishwa au kuondolewa madukani. La kwanza hupita bila neno. La pili hujadiliwa bei. La tatu ndilo wateja huniomba nilitoe, nami silitoi.